Jovia Yuko Macho

Leah alikuwa akimimina nta ya moto ndani ya glasi pale mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu alipoinama juu ya meza yake na kunusa. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini. Mtaa wote wa Gisimenti ulinukia brosheti, mishikaki ya huko, na moshi wa pikipiki. Mwanamume huyo alifumba macho kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Dada, hii ya asumini iko mingi?"

"Ipo. Ila ukiinusa yote, wengine niwauzie nini?"

Akacheka. Hivyo ndivyo Rugamba alivyoingia katika maisha ya Leah, binti wa Bukoba aliyefuata biashara Kigali. Alirudi kununua mshumaa uleule, kisha akawa anarudi hata bila kununua. Alimwita "mukundwa", kipenzi; naye akamwita "mzee wa asumini". Jambo moja tu lilimsumbua Leah: giza likikaribia, Rugamba lazima akimbilie nyumbani kwake, mtaa wa Rebero.

Jumamosi moja, mawingu yakiwa mazito, Leah alivaa gauni jipya la kitenge, akamsubiri mgahawani mpaka chai ikapoa. Akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Nyumbani. Nisamehe, mukundwa. Siwezi kutoka. Jovia iko macho."

"Jovia nani?"

"Bibi yangu. Mke."

Leah alikata simu, akapanda pikipiki hadi Rebero, matusi yote akiyapanga njiani. Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya asumini ilimpokea, nzito, kama ya mtu aliyepita sasa hivi. Khanga ilikuwa juu ya kiti. Mwanamke hakuwepo.

Dirishani uliwaka mshumaa, ulimi wake mrefu ukirukaruka kwa upepo. Masizi yalikuwa yametambaa hadi darini, na pazia lilipepea karibu kabisa na moto. Leah alilivuta kando kabla hajamsalimia Rugamba aliyesimama pembeni.

"Unataka kuungua?"

"Jovia aliwasha siku nilimpeleka hospitali," Rugamba alisema polepole. "Akasema nisizime, atarudi kuzima mwenyewe. Hakurudi. Moja ikikaribia kwisha, nawasha ingine kwa moto yake. Ndiyo sababu nakimbia jioni."

"Hata ukilala, mshumaa unawaka?"

"Hata nikilala. Ikiwaka, Jovia iko macho."

Nywele zikamsimama Leah. Mwanamke angekuwa hai, Leah angegombana naye. Huyu aliyekufa angemfanya nini? Alitaka kusema: chagua. Badala yake akautazama mshumaa.

"Mshumaa hauachwi peke yake, mpenzi. Glasi hii ikipasuka, nyumba imekwenda. Na utambi umerefuka, ndiyo maana unatoa moshi. Unatakiwa kukatwa."

"Basi kata."

"Haukatwi ukiwaka. Uzimwe, nta ipoe, igande."

Rugamba alitikisa kichwa. "Na akirudi akute giza?"

"Na akirudi akute majivu?"

Rugamba alisogea dirishani. Akachukua kifuniko cha glasi. "Mbabarira, Jovia," akaomba msamaha kwa lugha yao, akaufunika moto.

Harufu ikazidi. Ndani, mlango wa chumba ulisogea taratibu ukilia, ukasimama. Hakuna aliyegeuka kutazama. Rugamba aliushika mkono wa Leah kwa nguvu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utanikimbia?"

Leah aligusa glasi kwa ncha ya kidole. Bado ilichoma.

"Kukata utambi ni kazi ya kesho," alisema. "Nitakuja asubuhi na mkasi."

"Kuja," Rugamba alijibu. "Utanionyesha. Nitakata mwenyewe."