Sauti Iliyokatika Dakika ya Nne

Kila Jumamosi, nikishafua sare zangu na kuzianika, huenda kwa Bibi. Nyumbani kwake hakuna kitu kipya kinachovuliwa nailoni. Makochi yamevaa nailoni, rimoti imevaa nailoni, na ukikaa na gauni fupi siku ya joto, kuinuka ni kazi. Bibi husema nailoni ikitoka tu, uchakavu unaingia.

Jumamosi hiyo nilimkuta Mjomba, mtoto wa mwisho wa Bibi, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta za maofisini. Alikuwa ametandaza vipande mezani, akiunda kompyuta mpya kwa sababu moja tu. Mwaka jana, kabla hajafariki, Babu alijirekodi akizungumza na Bibi. Kompyuta yake ya zamani iliharibika wiki ileile aliyofariki, ila diski yenye sauti ilipona. Bibi alikuwa hajaisikia hata mara moja.

"Injinia, njoo," Mjomba aliniita. Hilo ndilo jina alilonibandika. Alinionyesha prosesa, kipande kidogo kama biskuti kinachofanya hesabu zote za kompyuta. "Hii ikifanya kazi inachemka. Ndiyo maana tunaiwekea kipoza joto, hiki cha chuma chenye feni. Toa nailoni ya chini, kiweke juu yake, kaza skrubu nne."

Simu yake ikalia, akatoka nje. Nilikigeuza kile kipoza joto. Nailoni yake ilikuwa nyembamba, na chuma kiling'aa chini yake. Nikaona ni uharibifu kuitoa. Nilikiweka hivyo hivyo, nikakaza skrubu zote.

"Nailoni umetoa?" aliuliza aliporudi.

Kufungua tena skrubu nne mbele yake niliona aibu. Injinia mzima nirudie kazi?

"Nimetoa," nikasema.

Alasiri Bibi alikaa mbele ya meza, amevaa gauni lake la kutokea. Mjomba akawasha, akaanza kuitafuta sauti kwenye diski. Feni ilianza polepole, kisha ikazidi kuvuma. Ghafla sauti ya Babu ikajaa sebuleni, nzito, yenye kukwaruza, nami nywele zikanisimama.

"Mama watoto, kuna jambo nimekuficha..."

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Feni ikanyamaza.

Mjomba aliiwasha tena, lakini safari hii ilizima hata kabla ya sauti. Akabadilisha waya wa umeme, akahamia soketi nyingine, akachomoa na kurudisha vipande vingine vyote isipokuwa kipoza joto. Giza likaingia bila mafanikio. Jumapili, mashine ikiwa imepumzika usiku mzima, tulijaribu upya. Niliangalia saa ya ukutani. Ilipofika dakika ya nne tangu kuwashwa, Babu akasema, "Mama watoto, kuna jambo nimekuficha..." na mashine ikazima palepale pa jana.

Bibi alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mnaisikia hiyo feni?" alinong'ona. "Ndivyo alivyokuwa akihema siku zake za mwisho."

Mjomba alipoiwasha tena nilitega sikio, na kweli, ilihema. Ilianza taratibu, ikapanda, ikawa kama mtu anayetafuta pumzi. Hewa ya moto ilitoka nyuma ya mashine, ikatikisa pazia na kunigusa shingoni. Niliruka kutoka kitini.

"Mama, ni mashine tu," alisema Mjomba, ila hakucheka. Akanigeukia. "Injinia, ile nailoni ulitoa kweli?"

"Nilitoa, Mjomba."

"Basi hapo pako sawa." Hakupagusa.

Bibi alikuwa akitazama kioo kilichozima. "Siku aliyofariki nilitoka hospitali kwenda kufua nguo zake. Niliporudi, nikakuta kitanda kitupu. Bado amenuna. Anaanza kuniambia, kisha ananinyima." Akainuka. "Ondoeni hiyo mashine. Na diski mkaitupe, sitaki kuisikia tena."

Aliingia chumbani. Mjomba alianza kuchomoa nyaya. Nyuma ya ukuta nilimsikia Bibi akizungumza peke yake: "Nisamehe, mzee wangu. Nilitoka kidogo tu."

Alikuwa akimwomba marehemu msamaha kwa kosa langu. Niliogopa kuliko nilivyoiogopa ile feni, lakini nilikwenda nikabisha mlango.

"Bibi, Babu hajanuna. Ni mimi. Nailoni sikuitoa, na nimedanganya mara mbili."

Bibi alitoka nami hadi sebuleni, na Mjomba akafungua zile skrubu nne. Nailoni ilikuwa imekunjamana, inanuka. Aliiinua tuione sote.

"Joto lilikosa pa kutokea," alisema. "Prosesa ikichemka kupita kiasi, kompyuta hujizima isiungue. Ikianza baridi inavumilia dakika nne. Ikiwa bado ya moto, haifiki. Na mimi siku mbili natafuta ugonjwa penye uzima, kwa kuwa nilikuamini."

Neno hilo la mwisho liliniuma. Alifuta chuma, akapaka krimu ya kupitisha joto, akakirudisha. Safari hii feni haikuhema hata kidogo.

"Mama watoto, kuna jambo nimekuficha. Ile chupa ya chai uliyopewa na mama yako haikuvunjwa na paka. Niliivunja mimi, nikamsingizia. Naona haya kukwambia usoni. Nisamehe."

Akakohoa, na sauti ikaisha.

Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Nilijua," alikiambia kioo. "Paka gani avunje chupa, kisha afagie vipande? Nilikusamehe siku ileile, mzee wangu."

Akakiinamia kioo, kama anayesubiri jibu. Kicheko kilimwisha polepole, akanivuta nikae kando yake.

"Umeona, mjukuu wangu? Nimemjibu, naye hasikii. Wewe nimekasirika nawe, na nimekusamehe, na yote mawili umeyasikia. Ukikosa, sema mapema, uliyemkosea akiwa bado anaweza kukujibu."

Kisha akamwomba Mjomba airudie sauti tangu mwanzo.