Mkate Aliouma Ermek

Kijijini kwetu, anayepanda mlimani huuma mkate kwanza. Kilichobaki hufungwa kitambaani kikatundikwa kwenye msumari ukutani, kimvute arudi akimalize mwenyewe. Asubuhi ile ya Novemba mume wangu, Ermek, aliuma wake akiwa tayari amevaa viatu vya ski, zile mbao za kutelezea thelujini.

"Mama, mbwa asiuguse," alimwambia mama yake, Batma.

"Mbwa ana adabu kuliko wewe. Rudi mapema."

Alikwenda kupima theluji kabla wageni wetu wa kwanza, watalii tunaowaongoza mlimani, hawajafika. Theluji ya mwanzo wa baridi haiaminiki. Ile ya Oktoba huoza chini ikawa chengachenga kama sukari, na mpya hulala juu yake bila kushikamana. Jua lilipokaribia kuzama alikuwa hajarudi. Nikavaa ski zangu nikamfuata, nikimtukana kimoyomoyo.

Nilimwona ng'ambo ya bonde, akivuka mteremko. Nikampungia mkono. Naye akanipungia.

Kisha mlima ukashusha pumzi.

Vuuum...

Mteremko mzima ukakatika, ukaondoka naye. Vumbi jeupe lilipotua palikuwa kimya, na pananuka moshi wa mti wa mreteni, ule tunaofukizia nyumba kufukuza mapepo. Huko juu hakuna nyumba.

"Cholpon..." sauti ya Ermek ikaniita.

Ermek alikuwa amesimama kwenye miamba, mzima, hana ski. Nililia kwa furaha.

"Njoo huku, mke wangu. Mama anatungoja."

Kifuani sote huvaa kidude cha kutafutana chini ya theluji. Changu nilikuwa nimeshakigeuza kitafute. Kikalia. Mshale wake haukuelekea miambani. Ulielekea kwenye rundo la theluji iliyoporomoka hadi upande wangu wa bonde, hatua chache kutoka nilipokuwa.

"Kidude chako unacho?" nikamuuliza.

"Achana nacho. Njoo."

Miguu yangu ilitaka kwenda. Lakini Ermek hajawahi kuniita mke wangu tangu anioe. Huniita bosi.

Nikachomoa koleo mkobani, nikachimba.

Sauti iliniita muda wote, taratibu, ikisogea... ikisogea... mpaka nikaisikia nyuma ya sikio langu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, lakini sikugeuka. Koleo likagusa jaketi. Nikafukua uso. Midomo ilikuwa ya bluu, macho yamefumba. Nikampulizia pumzi mpaka akakohoa.

"Bosi," akanong'ona.

Nilipoinua kichwa, miambani hapakuwa na mtu.

Tulifika nyumbani giza limeshika, ameniegemea begani. Batma alifungua mlango. Akamtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi.

"Ermek amesharudi," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu magharibi. Hakusema neno. Amemaliza mkate wake, amelala."

Chumbani tulikuta godoro limelowa chapachapa na blanketi lina baridi ya barafu. Hakuna mtu. Kitambaa cha mkate kilikuwa kitupu.

Mullah, shehe wa kijiji, alikuja akasoma dua, mreteni ukafukizwa siku nyingi. Ermek wangu yu hai, anatania, anakula. Ila hapati joto, hata akikaa ubavuni mwa jiko. Na kila jioni husimama mbele ya ule msumari ukutani, akauliza kwa upole:

"Mama, nani aliula mkate wangu?"

Batma hajawahi kumdanganya mwanawe.

"Aliyerudi," humjibu.