Majibu Thelathini

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Chiriku alikaa kwenye kigoda karibu na baba yake akamsomea. Alimsomea ujumbe wa simu, barua za shule, hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Jina la Chiriku alibandikwa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akiona maandishi popote, iwe kwenye mfuko wa saruji au ukutani, lazima ayatamke kwa sauti.

Baba yake alikuwa mwashi. Wenzake walimwita Timazi, kama ule uzi wa kupimia ukuta, kwa kuwa kuta zake zilisimama wima bila kasoro. Aliacha shule akiwa darasa la pili, wazazi wake walipougua, na hakurudi tena. Nyumbani jambo hilo lilijulikana. Kazini hakuna aliyelijua.

Mwaka huo Timazi na wenzake walikuwa wakijenga bweni la ghorofa tatu. Serikali na chama cha wafanyakazi wa ujenzi, ambao kwa miaka mingi walikutana kwenye mabishano tu, safari hii walikubaliana kushika jambo moja kwa pamoja: kuwafundisha mafundi wote namna ya kujikinga na ajali. Serikali ilimleta mkaguzi. Chama kilimleta mkufunzi, mama mmoja aliyekuwa fundi rangi kabla ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Mafunzo yalichukua siku nne, na mwishoni kila fundi alipewa karatasi yenye maswali thelathini.

Timazi alirudi na yake nyumbani.

"Nimewaambia nimesahau miwani," alisema bila kumtazama binti yake. Hakuwa na miwani.

"Nikusomee swali moja moja, baba, halafu unijibu?"

"Jaza tu, mwanangu. Majibu yamo humu kwenye kijitabu walichotupa. Leo mgongo unaniuma."

Chiriku akajaza. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, na maneno aliyapenda: jukwaa, mkanda, nanga, na kifungo, yaani chuma kinachoshikanisha nguzo za jukwaa. Moyo ulimnong'oneza kitu, lakini akaunyamazisha. Nani atakataa kumsaidia baba yake?

Wiki iliyofuata Timazi alitangazwa kuwa amepata yote thelathini, peke yake kati ya mafundi arobaini. Alipigiwa makofi, akapewa kizibao cha njano na jukumu jipya. Kila asubuhi angesoma kadi aliyoining'iniza mkaguzi kwenye jukwaa la ghorofa ya pili, ndipo awaruhusu wenzake kupanda.

"Kumbe nimeolewa na profesa," mama alimtania.

Timazi alitabasamu kidogo, akatoka nje kunawa mikono iliyokuwa safi tayari.

Jumamosi Chiriku alimpelekea baba chakula cha mchana. Mlinzi wa getini alimvalisha kofia ngumu iliyomfunika hadi nyusi, akamwelekeza apite pembeni, mbali na kuta. Timazi alikuwa amesimama chini akichanganya zege. Juu ya jukwaa alikuwepo Mama Zege, mwanamke mwenye mikono ya chuma na utani usiokwisha, akipokea ndoo zilizovutwa kwa kamba.

"Timazi, binti yako kaja," alisema kutoka juu. "Leo tutakula na sisi."

Chiriku akacheka. Kisha macho yake yakatua kwenye kadi iliyofungwa chini kwenye nguzo ya jukwaa, penye ngazi, na kama kawaida yake, akaisoma kwa sauti.

"Usipande. Kifungo cha kushoto kimelegea. Nimekwenda kuleta kingine."

Koleo la Timazi lilisimama katikati. Uso ulimbadilika.

"Umesema nini?"

"Imeandikwa usipande, baba."

Timazi aliliacha koleo, akasogea penye ngazi, akainua uso. Hakupiga kelele, alijua anayeshtushwa akiwa juu huteleza.

"Mama Zege, iache hiyo ndoo. Shika nguzo ya kulia. Njoo kwenye ngazi taratibu. Usiulize kitu."

Mama Zege alimtazama, akaona utani umekwisha. Akaja hatua kwa hatua. Alipokuwa katikati ya ngazi, upande wa kushoto uliteleza kwa mlio wa chuma kukwaruza ukuta. Ubao ukainama, na ndoo iliyojaa zege ikaanguka na kupasuka pale ambapo Timazi alikuwa amesimama muda mfupi uliopita.

Mama Zege alimalizia ngazi, akaketi chini.

Haikupita nusu saa, mkaguzi akafika na kifungo kipya mkononi, akiwa na mkufunzi. Msimamizi wa kazi alikuwa wa kwanza kusema.

"Huyu mama kapanda kwa ukaidi wake. Timazi alipata thelathini kwa thelathini, hawezi kuruhusu mtu apande."

Mama Zege aliinua kichwa. "Mimi niliuliza. Nikaambiwa panda."

Mkaguzi akamgeukia Timazi. "Kadi hukuiona?"

"Niliiona," alisema Timazi.

Chiriku aligeuka kumwangalia baba yake. Akisema, atamwaibisha baba mbele ya watu wote. Asiposema, lawama atabebeshwa mama huyu aliyenusurika kufa. Alimtazama Mama Zege, ambaye bado alikuwa na vumbi la zege usoni.

"Ile karatasi ya maswali niliijaza mimi," alisema polepole. "Majibu yote ni yangu."

Timazi alimwekea mkono begani.

"Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia. Sijui kusoma. Nilidhani kadi ya leo ni kama ya jana." Akamgeukia Mama Zege. "Nisamehe, dada yangu."

Mama Zege alijifuta uso kwa kanga. "Nimekusikia," alisema. "Ngoja kwanza miguu yangu irudi."

Mkufunzi alivuta tofali, akaketi kwa shida kwa sababu ya nyonga yake.

"Na sisi tuna letu," alimwambia mkaguzi. "Serikali na chama tumekaa miezi mitatu tukipanga cha kufundisha. Hakuna aliyeuliza nani anajua kusoma. Karatasi zilizorudi, nyingine zilikuwa na mwandiko wa kitoto. Niliona, nikapuuza."

Mkaguzi aliinamisha kichwa. Siku hiyo hiyo walimvua Timazi kizibao cha njano, na kadi zikabadilishwa: nyekundu ya kukataza, kijani ya kuruhusu, zote na picha. Baada ya wiki mbili mafunzo yalirudiwa. Asiyejua kusoma aliulizwa kwa mdomo, kisha akaonyesha kwa mikono yake. Mafundi tisa walijitokeza, na chama kikawafungulia darasa la kusoma.

Timazi alipata ishirini na sita.

"Ulikosa manne tu, baba," Chiriku alimwambia njiani, akijaribu kumfariji. "Yale yangu yalikuwa thelathini."

"Ndiyo, yalikuwa yako, na nusura yamuue mtu," alijibu baba. "Ulinipenda, mwanangu, ndiyo maana ukanijazia. Lakini mtu unayempenda usimfichie asilolijua. Mfundishe, hata kama anaona aibu. Na mimi nilipaswa kukwambia 'nifundishe' badala ya 'nijazie'."

Chiriku akamshika mkono.

"Sasa," alisema Timazi, "hebu niambie, yale manne niliyokosa ni yapi?"