Hatujafika Pale Tulipoingia

Wa kwanza kumwambia Eufrasia kwamba kiti cha mwisho cha safu ya tatu kina mtu alikuwa Mansour, mtu wa Lamu aliyeendesha mashine ya picha katika sinema ndogo ya Stratford, ambako Eufrasia alifanya usafi. Alimwambia kwa upole, akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mahali palipomwagika maji asije akateleza.

"Mama Nancy, pale usimkalishe mtoto. Pana mwenyewe."

Eufrasia alitazama. Viti vya sinema ile vilikuwa vya zamani, vyenye kitambaa chekundu na springi. Mtu akiinuka, kiti nacho hujikunja. Watazamaji wote walikuwa wametoka, na viti vyote vilikuwa vimejikunja isipokuwa kile kimoja. Alikwenda akakisukuma kwa mkono. Kilikuwa kizito. Akakisukuma kwa nguvu zaidi, kikapanda nusu, kisha kikashuka taratibu, kama mtu aliyesogezwa akarudi kukaa vizuri.

Alisema springi imekufa. Mansour hakubisha. Alisema tu kwamba huenda huyo mwenyewe kalipa tiketi, wao wawili ndio wanaoingia bure. Kisha akapanda ngazi kwenda chumba cha mashine.

Ilikuwa likizo fupi ya shule, mwezi wa Februari. Nickson, mume wa Eufrasia, aliendesha tramu kule Croydon na zamu zake hazikuwa na mpangilio, kwa hiyo Eufrasia alimleta Nancy kazini. Alikuwa mtoto wa miaka sita, mtulivu, na meneja alikubali akae ukumbini ilimradi asipige kelele. Wiki hiyo zilionyeshwa filamu za Brazili za miaka sabini iliyopita. Zilikuja ndani ya makopo mapana ya bati, na mwenye makopo alikuwa Tatiana, mwanamke wa Kibrazili aliyeyarithi kwa babu yake. Babu huyo alikuwa na sinema katika mji mdogo wa bara, mbali na pwani. Makopo yalipofunguliwa, ukumbi mzima ulinuka siki. Mansour alieleza kwamba ndivyo mikanda ya zamani inavyonuka ikianza kuoza, na Eufrasia akafungua madirisha ya ukumbi wa nje.

Siki ile aliizoea. Alichoshindwa kuzoea ni harufu ya maganda ya machungwa. Aliisikia kila alipofika safu ya tatu na mfuko wake wa taka, na chini ya viti hakukuwa na ganda hata moja. Tena palikuwa na sauti. Nje mvua ya baridi ilikuwa ikinyesha, ndani watu walikaa na makoti yao, na bado alisikia kipepeo cha mkono kikifunguliwa na kufungwa, taratibu, kama cha mtu aliyekaa kwenye joto.

Siku ya Jumatano alirudi ukumbini kumchukua Nancy, akamkuta amehama. Alikuwa amekaa jirani na kile kiti, mkono wa kushoto umelala juu ya egemeo la mkono lililovitenganisha viti viwili. Taa zilikuwa zimewashwa, skrini nyeupe haina kitu, na mtoto bado anaitazama. Eufrasia alimwambia wanakwenda nyumbani. Nancy alikuwa anaelewa Kiswahili vizuri, lakini siku zote alijibu kwa Kiingereza. Nickson humtania kwamba ulimi wake umezaliwa hospitali ya Wazungu. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili, bila kugeuza kichwa.

"Bado, mama. Hatujafika pale tulipoingia."

Eufrasia alidhani anaisema filamu. Alimwinua. Ndipo alipoona kwamba mkono wa kushoto wa mtoto umefumba, vidole vimejikunja kuzunguka kitu kisichokuwepo, na ulikuwa wa baridi kama umetoka kwenye friji.

Vidole havikufunguka njiani, wala nyumbani, wala kwenye maji ya uvuguvugu. Nickson alimpeleka hospitali. Daktari alimpima kwa uangalifu, akasema mifupa ni mizima, akawapangia siku ya kurudi. Eufrasia alipomweleza Nickson aliyoambiwa na Mansour, Nickson alicheka kidogo, akasema yeye hupita Croydon usiku na mchana na jini pekee anayemjua kule ni lile jengo la uhamiaji. Lakini alisema mtoto asiende tena kwenye ile sinema, na Alhamisi aliomba ruhusa akabaki naye mwenyewe.

Eufrasia aliporudi jioni hiyo alimkuta mumewe amesimama kwenye korido ya nyumba yao, mgongo ukutani, hacheki tena. Alimwambia kwa kunong'ona aangalie chumbani. Nancy alikuwa amekaa kitandani akiutazama ukuta mweupe, mkono ule umeinuka kidogo upande wa kushoto kwa kimo ambacho mtu mzima akikaa mkono wake hufika, na Eufrasia alipopiga magoti mbele yake kumtazama usoni aliona ndani ya mboni za macho yake mwanga mdogo unaotembea, ukizima na kuwaka, vivuli vidogo vya watu wakiingia na kutoka, na ingawa dirisha lilikuwa limefungwa na hita inawaka, nywele za mtoto zilikuwa zinapepea, zinatulia, zinapepea tena, upande mmoja tu, kama za mtu aliyekaa karibu na mwenye kipepeo. Nickson alisema alikaa hivyo tangu saa nane mchana, saa ya onyesho la kwanza. Hakula. Alipojaribu kumbeba, alikuwa mzito kuliko uzito wake.

Ijumaa asubuhi Eufrasia alikwenda kwa Mansour. Alimwambia tu kwamba mwanawe ameshikwa mkono. Mansour aliweka kikombe chini. Walikwenda pamoja safu ya tatu, naye akasimama mbele ya kile kiti akasoma aliyoyajua, kwa sauti ya chini, akarudia. Kiti kilitikisika. Harufu ya machungwa ikazidi mpaka ikawa kali kooni. Lakini hakikupanda.

"Hafukuziki," alisema Mansour. "Na si mzuka wa mtu aliyekufa. Aliyekufa kaenda zake. Huyu ni jini aliyekuja kutazama picha kama watu wanavyotazama. Kaingia kwa ada, kwa desturi ya mahali, atatoka kwa ada. Sisi hatuijui hiyo ada ni ipi."

Eufrasia alimweleza yale maneno ya Nancy, kwamba hawajafika pale walipoingia. Mansour akasema wamuulize mwenye mikanda.

Tatiana alikuja mchana. Aliposikia habari ya mkono alikaa chini kabla hajaambiwa yaliyobaki. Kwa Kiingereza cha polepole aliwaeleza jinsi mambo yalivyokuwa kwao. Filamu mpya ilianza mji mkuu, kwenye sinema kubwa zenye mazulia na wanaume waliovaa tai. Ikichakaa huko, inakwenda sinema za mitaani. Ikichakaa zaidi, inapandishwa treni kwenda bara, na mji wa babu yake uliipata baada ya miaka miwili, nakala moja tu, imejaa mikwaruzo. Hakukuwa na saa ya kuanza. Milango ilikuwa wazi kuanzia mchana, filamu ikizunguka, na mtu aliingia wakati wowote, hata katikati. Alitazama mpaka mwisho, ikaanza upya, akaendelea kutazama mpaka ifike pale alipoingia yeye. Hapo aliinuka akaondoka. Kila mtu alifanya hivyo. Ilikuwa adabu ya mahali.

Mchana mmoja aliingia mwanamke mgeni, amevaa vizuri, ana kipepeo, ana machungwa kwenye mfuko wa karatasi. Muda huohuo mkanda ulikwama kwenye mashine ukaungua. Babu alikata kipande kilichoungua, akaunganisha ncha mbili, onyesho likaendelea. Kazi ya kila siku. Lakini kipande kile ndicho alichokikuta yule mwanamke kwenye skrini alipoingia. Filamu ilizunguka, na pale alipoingia hapakuja. Watu walitoka, yeye akabaki. Binti wa babu, mtoto mdogo, alikwenda kukaa karibu naye kwa ajili ya machungwa, na mwanamke akamshika mkono. Babu alimvuta bintiye kwa nguvu akamtoa nje.

"Yule binti ni mama yangu," alisema Tatiana. "Mkono haukufunguka. Alilea watoto watano kwa mkono mmoja. Tumemzika nao umefumba." Alisema nyumbani kwao waliiita kasoro ya kuzaliwa, naye alikua akiamini hivyo; hadithi ya yule mwanamke aliidhani ngano ya babu tu.

Eufrasia aliuliza kama ipo nakala nyingine ya filamu ile. Haikuwepo. Aliuliza kama kuna mtu aliye hai aliyekiona kipande kilichoungua. Hakuna. Jumapili lilikuwa onyesho la mwisho, na Jumatatu makopo yangerudi Brazili. Hakuna aliyesema nini kingempata mtoto makopo yakishaondoka na yule aliyemshika mkono akayafuata.

Usiku ule Eufrasia alikaa kitandani na Nancy, akamwekea mdomo sikioni. Hakumuuliza aliye naye ni nani. Alimuuliza, "Mwanangu, mlipoingia mlikuta nini?"

Nancy alichelewa kujibu, kama mtu anayemuuliza jirani yake kwanza. Kisha akaeleza. Kuna chumba. Mwanamke anaingia na taa, anaiweka mezani. Anakwenda dirishani. Anamwita mtoto wake aliye nje gizani, anamwita tena, haitikiwi. Mwanamke anageuka, anatutazama.

Jumapili, watazamaji walipokwisha kutoka, nje kulikuwa kumeshaingia giza ingawa ilikuwa mapema. Nickson alimleta Nancy, akamkalisha pale jirani na kiti, akasimama nyuma yake. Mansour alikuwa ameufumua mkanda pale ulipoungwa, ukawa sehemu mbili. Tatiana alikaa nyuma kabisa, mikono usoni. Na Eufrasia, ambaye kanisani husimama nyuma ya nguzo ili asiitwe kusoma, alipanda ngazi tatu za jukwaa mbele ya skrini na koti lake la kazi, awe yeye kipande kilichoungua.

Sehemu ya kwanza ilikwenda mpaka mwisho wake, ikakatika, na mwanga mtupu ukampiga machoni akawa haoni kitu ila vumbi. Alitembea kama aliyebeba taa. Aliiweka juu ya meza isiyokuwepo. Alikwenda dirishani, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyohisi joto likimpanda miguuni, joto la nchi asiyoijua, na sauti ya kipepeo ikawa karibu, ikaacha kuwa sauti moja, ukumbi mzima ulikuwa unajipepea, safu kwa safu, watu wengi wakimenya machungwa na kukohoa gizani na kumsubiri, na alipofungua mdomo amwite mtoto wa kwenye picha alitambua kwamba jina la mtoto yule hakuambiwa, na jina pekee lililokuwa kifuani mwake lilikuwa la mwanawe.

"Nancy," aliita. Hakuitikiwa. "Nancy."

Kisha akageuka akawatazama.

Vipepeo vikanyamaza. Katika ule ukimya alisikia kiti kikijikunja, pap, na mtu akipita kwenye safu kwa heshima, akisema kitu kidogo kwa kila aliyempisha, kama wanavyosema watu wanaoondoka kabla ya wenzao. Nyayo hazikwenda mlangoni. Zilikuja mbele. Zilipanda zile ngazi tatu za jukwaani, zikampita Eufrasia begani, na zikaishia nyuma yake, kwenye skrini.

Nickson ndiye aliyelia kwanza. Alikuwa ameushika mkono wa Nancy, na vidole vilikuwa vimefunguka, vina jasho, vina joto. Mtoto alisema kwa Kiingereza kwamba ana njaa.

Asubuhi ya Jumatatu Mansour alimpigia Eufrasia simu apite kabla ya gari la mizigo. Alimkuta chumba cha mashine, mkanda umetandikwa mezani. Mansour alikuwa amekuja kuziunga zile sehemu mbili, akakuta ya kwanza imerefuka. Aliuinua mkanda dirishani. Picha zilikuwa ndogo kama kucha, nyingi, zikifuatana. Katika kila moja Eufrasia alijiona, koti lake la kazi, uso wake umegeuka kuwatazama watu. Nyuma yake, karibu sana, alisimama mwanamke mwenye kipepeo.

Mansour alikuwa na mkasi mkononi. "Sema neno tu, nitakukata utoke humo."

Eufrasia alitazama ule mkasi. Aliuliza yule mwanamke akikosa tena pale pake pa kutokea atakwenda wapi. Mansour aligeuka akachungulia ukumbini, kwenye safu ya tatu.

"Usikate," alisema. "Iache izunguke."

Alifunika kopo mwenyewe, akalizungushia mkanda wa gundi, akalipakia garini. Kisha akarudi nyumbani, akamvisha Nancy sare, wakatembea kwenda shule wameshikana mikono. Njiani ndipo aliposikia. Mguu wake ulikanyaga, na sauti ya kukanyaga ikaja baadaye kidogo, kama filamu ambayo sauti yake haikulingana na picha. Alikohoa ili ajaribu. Kifua kilitikisika kwanza, kikohozi kikafuata.

Getini Nancy aligeuka, akainua uso, akasubiri maneno anayoambiwa kila asubuhi. Eufrasia alifumba mdomo, mtoto asiione midomo ikitangulia sauti. Aliinama, akambusu kwenye kiganja, akampungia mpaka alipoingia darasani.