Ukili Mweupe

Ramadhani ilikuwa imeingia, na soko la Chake Chake lilijaa, maana katika mwezi huo kila nyumba hutaka kawa mpya ya kufunikia futari. Tatu binti Ngwali alikuwa ameketi kwenye kibao chake ndani ya kibanda cha mbao, akimalizia kushona kawa moja kwa shazia, ile sindano nene ya kuungia ukili, mkanda mrefu uliosukwa kwa majani ya ukindu. Alivaa buibui jeusi na ushungi wa rangi ya karafuu mbichi, na hina ya vidoleni ilikuwa imeanza kufifia. Juu yake vilining'inia vipepeo vya kujipepea, vikapu vidogo vya zawadi vya kutilia udi na halua, vifuniko vya taa, sahani za kupamba ukuta. Vyote vilikuwa vya ukindu, na vyote vya bei ambayo mtu hahitaji kuomba ushauri nyumbani.

Mchukuzi wa samaki alimgonga mtu aliyesimama ghafla njiani. Mtu huyo alikuwa Shaame, fundi umeme wa Wawi, mrefu, mwenye kuchechemea kidogo mguu wa kushoto, amebeba mviringo wa waya begani. Hakuomba radhi wala hakugeuka. Hakuwa akimtazama Tatu. Alikuwa akiitazama kawa.

"Mkono huo naujua," alisema.

"Upi? Mie n'na miwili."

"Wa aliyesuka ukili huo."

Tatu alikuwa amekwisha kusikia njia nyingi za wanaume kuanzisha mazungumzo, na hii ilikuwa mpya. "Kasuka mama mdogo wangu, wa Ole," alijibu. "Kama wamjua, msalimie na mumewe."

Shaame aliinunua bila kupunguziwa hata senti. Mwatum, muuza viungo wa kibanda cha pili, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamme asiyeshindania bei sokoni ama hana akili ama kapenda, na huyu alionekana kuwa na yote mawili. Kabla ya kuondoka Shaame aliomba namba ya simu, kwa sababu, alieleza, huenda rangi ikachuja.

Ikachuja kweli. Kesho yake, baada ya futari, simu ya Tatu ililia.

"Bi Tatu, muhogo wangu umekuwa zambarau."

"Uliiosha kawa?"

"Niliipangusa tu."

"Rangi mpya hiyo. Itie maji ya chumvi, uianike kivulini. Na usin'ite Bi, sijazeeka."

"Nikwiteje?"

"Taja jina, kisha ukate simu. Vocha ghali."

Alilitaja jina. Simu hakuikata.

Ukili wa kawa ile Tatu aliukuta asubuhi ya siku waliyokutana, juu ya kibao chake, umekunjwa vizuri, umekwisha kutiwa zambarau na nyeusi. Alidhani ulidondoka kutoka mzigo ambao mama yake mdogo, Bi Kazija, alimletea jana yake kutoka Ole. Alikuwa na haraka. Aliushona bila kuuangalia.

Idi ilipopita walikuwa wakizungumza kila jioni. Siku za Ijumaa waliteremka kwa miguu njia ya Wesha, Mwatum akiwafuata nyuma kama mlinzi, akila karanga na kulalamika kwamba mapenzi ya wenzake yanammalizia viatu. Shaame alikuwa mchekeshaji wa taratibu. Alisema jambo, kisha akasubiri. Tatu alimsimulia mambo yake. Alimsimulia juu ya mama yake, Bi Mwanawema, aliyekuwa msusi maarufu wa mikeka pale Ole, akalazwa hospitali miezi mingi wakati yeye Tatu akisoma Unguja. Siku alipoitwa, boti ilichelewa. Alifika kaburi lina udongo mbichi. "Alikufa peke yake," alisema, "na mie ndiye mtoto wake wa pekee." Siku hiyo walikuwa kwenye simu, na upande wa Shaame palikuwa kimya muda mrefu hata Tatu akadhani salio limekwisha.

Alimsimulia pia shida ya kazi. Duka moja la Unguja liliagiza vifuniko vya taa na vikapu vingi, lakini macho ya Bi Kazija yamepungua nguvu, na ukili haupatikani wa kutosha.

Asubuhi ya pili yake alifungua kibanda akaukuta.

Ulikuwa ukili mmoja mrefu, mweupe, usiotiwa rangi. Haukukunjwa wala kufungwa. Ulilala sakafuni, duara juu ya duara, kando ya kibao, kama unavyojilaza ukili miguuni pa mtu anayesuka huku ameketi. Ilionekana kwamba msusi ameinuka sasa hivi. Tatu aliikagua kufuli: nzima. Aliyakagua mabati ya paa: yamepigiliwa. Mbao za nyuma zilikuwa na ufa mmoja tu, pale alipoweka kibao ili apate mwanga, na ufa ule haukupitisha zaidi ya vidole viwili. Paka asingepita, seuze mtu.

Aliushika ukili. Ukingoni, kila shibiri, palikuwa na kifundo kidogo mfano wa punje ya mtama. Akaulaza chini taratibu, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa.

Kifundo kile alikijua tangu utoto. Kidole cha shahada cha mama yake kilikakamaa zamani, hakikunjiki. Kila alipounga chane mpya, yaani jani lililochanwa jembamba, alilazimika kuibana kwa kifundo cha kidole, na alama ikabaki. Hakuna msusi mwingine aliyeiacha. Na msusi huyo alikuwa amezikwa Ole, mwaka wa tatu huo.

Hakumwambia mtu. Aliutia ukili ndani ya gunia, akaendelea na kazi. Ulikuja mwingine, kisha mwingine. Alianza kuona utaratibu wake, na utaratibu ndio uliomtisha kuliko ukili wenyewe: ulikuja asubuhi baada ya yeye na Shaame kuzungumza vizuri. Wakigombana kidogo, sakafu ilikuwa tupu. Jioni Shaame alipomwambia kwamba ami yake, Mzee Mmanga, atakwenda Ole kupeleka posa, asubuhi yake duara za ukili zilifika hadi mlangoni.

Mara mbili tatu Shaame aliuliza, kama mtu asiyejali, kwa nini vifuniko vya taa havijaongezeka. Tatu alijibu kwamba ukili bado haujapatikana. Alishangaa kuona uso wa mwenziwe umesinyaa.

Mwishowe alilibeba gunia hadi Ole, akalimwaga mbele ya Bi Kazija. Mzee yule hakuhitaji macho. Alipitisha kidole gumba ukingoni, akafika kwenye kifundo, akasimama. Akaenda hadi cha pili.

"Mwanawema huyu," alisema.

"Ndivyo nilivyodhani."

"Na mweupe. Dada yangu hakusuka mweupe ila nyumba ikiwa na msiba. Rangi ya harusi, nyeupe ya maiti, ndivyo tulivyofunzwa." Aliuvuta ukili wote mapajani, akaukadiria. "Huu ukishonwa watoka mkeka mmoja. Wa mtu mmoja kulala. Mwanangu, mama yako hakutakii ndoa hii. Waona mwenyewe anakusukia nini."

Tatu alikuwa amesoma. Alijua kwamba mtu aliyekufa hasuki. Alijua pia kwamba alikuwa ameshika ukili uliosukwa. Mambo hayo mawili yalikataa kukaa pamoja, na usiku wa posa ulikuwa unakaribia. Alimpigia Shaame alasiri hiyohiyo, akiwa bado Ole, amesimama nyuma ya nyumba.

"Mwambie Mzee Mmanga asije."

"Anaumwa nani?"

"Haumwi mtu. Basi tu. Kuna mtu hataki."

"Mtu yupi?"

"Sina la kukujibu, Shaame."

"Mwanamme?"

Hakujibu, kwa sababu jibu lolote lingekuwa la kichaa. Shaame aliuelewa ukimya ule kama ambavyo mwanamme yeyote angeuelewa. Alimtakia kheri, kwa adabu iliyomuumiza Tatu kuliko tusi, akakata.

Kuanzia siku hiyo sakafu ya kibanda ilikuwa tupu kila asubuhi. Bi Kazija alisema si unaona, marehemu karidhika. Tatu aliona, na hakupata usingizi. Aliketi kwenye kibao chake akishona polepole, na mara kwa mara alijikuta akiutazama ufa wa ukutani, kwa hofu, na baadaye, jambo ambalo hakulitarajia, kwa kutamani.

Mzee Mmanga hakuwa mtu wa kukataliwa bila sababu. Alipanda baiskeli hadi Ole kuiuliza. Bi Kazija akampa, yote, pamoja na gunia. Mzee alirudi Wawi ametokwa na jasho, akamwambia mtoto wa nduguye amshukuru Mungu kwa kumwepusha na ukoo ambao maiti wake wanasuka ukili mweupe wenye vifundo na kuuingiza vibandani.

Shaame aliketi chini.

Siku ya pili, soko likiwa limechangamka, alikuja mbele ya kibanda cha Tatu akiwa na kanzu safi, kofia ya viua, na kicha cha chane za ukindu kwapani. Hakumsalimia. Alikivuta kile kibao nje, mahali pa watu, akaketi, akanyoosha mguu wake mbovu, akaanza kusuka.

Pemba mwanamme hasuki ukili. Hushona kofia, hushona matanga, hufuma nyavu. Ukili ni wa wanawake. Wachukuzi walisimama. Mmoja aliuliza kama fundi atasuka na nywele, kwa sababu ana dada anayeolewa. Mwingine akasema umeme umekatika moja kwa moja, mafundi wamehamia mikekani. Masikio ya Shaame yalikuwa mekundu, lakini mikono haikusimama. Mwatum alitaka kucheka, akamtazama Tatu, akaacha.

Tatu aliitazama mikono. Ilikuwa ikikimbia, chane juu, chane chini, mpaka ilipofika mahali pa kuunga chane mpya. Hapo kidole cha shahada cha Shaame, kidole kizima kisicho na ila, kilinyooka kama kijiti. Akaibana chane kwa kifundo. Ukingoni ikabaki punje.

"Nani kakufundisha kukinyoosha kidole hicho?"

"Mama yako."

"Cha mama kilikuwa hakikunjiki."

Shaame aliinua uso. Ilikuwa dhahiri kwamba hakuwa akijua. "Mie nilidhani ndivyo ukili unavyosukwa," alisema.

Alimweleza palepale, kwa sauti ya chini, huku wachukuzi wakijikaza kusikia. Msimu wa karafuu wa mwaka ule mama yake Tatu alipolazwa, naye alianguka mkarafuuni, akavunjika mguu, akalazwa miezi. Barazani mwa wodi alikutana na Bi Mwanawema, aliyekuwa akisuka kutwa. Bibi huyo alimwambia kwamba kijana asiyekuwa na la kufanya hupata maradhi ya pili, akampa chane. Toka alipopona alisuka kwa siri, mlango umefungwa, kwa kuwaogopa watu kama hawa waliosimama hapa. Aliposikia Tatu hana ukili akaanza kumpa aliokuwa amejiwekea na kumsukia mwingine, na kila jioni waliyoachana vizuri, baada ya isha, akaupitisha katika ufa wa nyuma, polepole, mpaka ukaisha. Ndiyo sababu haukuwa umefungwa. Ndiyo sababu ulianguka kando ya kibao.

"Na kwa nini mweupe?"

"Kutia rangi lazima uchemshe. Vidole vyangu vingekuwa zambarau, ningejulikana mji mzima."

Tatu alikaa kitako pale chini, kwenye vumbi, na buibui lake.

"Ulikuwapo siku aliyokufa?"

"Nilikuwapo. Nilimshikia ukili, yeye alikuwa hana nguvu ya kuushika. Alisema binti yangu yumo njiani. Hakuwa peke yake, Tatu. Nilitaka kukwambia ile siku kwenye simu. Niliogopa utadhani nakupenda kwa kumhurumia yeye."

Wachukuzi walikuwa wameacha mzaha. Tatu alijifuta uso kwa ncha ya ushungi, akauchukua ukili mikononi mwa Shaame, akausuka shibiri moja kwa mkono wake mwenyewe, akamrudishia.

"Mwambie Mzee Mmanga aje," alisema. "Na aje na kitu, maana katukana ukoo."

Mwatum akapiga kigelegele, soko likampokea.

Ilikuwa ni baada ya vigelegele hivyo, walipobaki wawili wakikusanya chane, ndipo Shaame aliposema, kama jambo dogo, kwamba kosa lote ni la ile kawa ya siku ya kwanza. Alipita njia zake, akauona mkono wa Bi Mwanawema, miguu ikakataa kwenda.

"Kawa ile si ya mama," Tatu alisema. "Za mama ziligaiwa zote kwenye hitima. Ukili wake ni wa Bi Kazija."

"Una vifundo."

"Bi Kazija hana vifundo."

Shaame alikwenda Wawi kwa baiskeli akarudi na kawa. Waliipindua kwenye mwanga. Zambarau, nyeusi, zambarau. Na ukingoni, kila shibiri, punje. Tatu alikumbuka asubuhi ile: ukili juu ya kibao, umekunjwa, kufuli nzima, saa chache kabla hajapata kumwona Shaame. Bi Kazija, alipoulizwa kwa simu, aliapa kwamba mwaka ule hakutia rangi hata chane moja. Macho yake hayafai tena kwa kazi ya rangi.

"Si wewe," Tatu alisema.

"Si mie."

Tatu aliyakumbuka maneno ya Bi Kazija. Rangi ya harusi, nyeupe ya maiti.

Walioana baada ya mavuno. Ukili mweupe wote ulishonwa mkeka mmoja, na Bi Kazija alikuwa amekosea makadirio: walilala wawili. Kawa ipo, hufunikia chakula chao kila siku. Rangi ya ukindu, kwa kawaida, huchuja inapooshwa mara ya kwanza na ya pili, kisha hushika. Ile imeoshwa kwa maji ya chumvi miaka mingi sasa, na kila ikipanguswa, kitambaa hutoka zambarau, kama iliyotiwa jana.