Msimamizi wa Shura

Vidole vya Godlisten vilianza kugeuka njano baridi ya ughaibuni ilipoingia, na Haika, mkewe, akawaka papo hapo.

"Umerudia sigara."

"Sijavuta. Hebu nusa."

Akanusa. Tumbaku haikuwepo. Kulikuwa na ukali uliomchoma pua hadi machozi yakamtoka, na rangi ile haikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu.

Ukutani jikoni unga mweupe ulikuwa unaota kama chumvi. Haika alimpigia simu agent wa nyumba, akaambiwa afungue dirisha.

"Eti it's only damp!" alimfokea mumewe, utadhani yeye ndiye agent. "Unakohoa usiku kucha, wao wananiambia unyevu!"

Watu wale hata nyumba iwake moto watakuambia ni joto la kawaida.

Jumapili mchana alirudi kutoka kanisani, akamkuta Godlisten amepiga magoti jikoni, anakwangua unga ule kwa kijiko na kuukusanya kwenye sufuria ya ugali. Ndani ya ukuta kitu kilikuwa kinatokota.

"Godlisten! Unafanya nini?"

"Sema polepole," alinong'ona bila kugeuka. "Msimamizi yupo."

"Msimamizi gani?"

"Wa kiwanda. Hapa zamani walitengeneza asidi. Unga huu ni shura, chumvi ya baruti. Waliipika na asidi ya kiberiti kwenye vyungu vya chuma, moshi mwekundu ukapita kwenye mabomba, ukapoa mitungini, ikawa asidi inayokula hata shaba. Vibarua walivuta moshi ule wakafa. Agent aliniambia tulipopanga. Alijisifia, eti history."

"Ukanificha!"

"Niliogopa utaikataa nyumba."

"Ningeikataa! Kifua chako kinaoza kwa ajili ya nyumba?"

Aliendelea kukwangua, anakohoa, anakwangua.

Haika ni Mlutheri wa Machame, na siku zote aliwacheka wanaokimbilia waganga. Lakini mfa maji hukamata maji. Alimpigia Bi Nasim wa mtaa wa Harrow, mama wa Kihindi aliyezaliwa Tanga, anayejulikana kwa kutibu watu wa kwao. Jioni haijafika, Bi Nasim alikuwa ameweka sikio ukutani.

"Hili jini, mwanangu," alinong'ona. "Tulifukize kiberiti upele, ule unga wa njano. Kwetu Tanga sijaona jini lililokistahimili."

Wakamkalisha Godlisten kwenye kigoda, wakamfunika shuka, wakamwekea chetezo miguuni. Bi Nasim akanyunyiza kiberiti juu ya makaa, akaanza kusoma dua, na mara ile harufu ya mayai viza ikajaa jikoni, na ukuta, badala ya kunyamaza, ukatokota kwa nguvu zaidi, kama chungu kilichoongezewa kuni, na moshi mwekundu ukaanza kuvuja chini ya shuka, ukapanda, ukatafuta pua zao, na vijiko mezani vikaanza kutoka jasho la kijani.

"Ahsanteni," sauti nzito ikasema ndani ya shuka. "Shura ninayo. Kiberiti ndicho nilichokikosa miaka yote."

Bi Nasim akaiacha dua katikati. Walikuwa wamelilisha.

Hapo hofu ikamtoka Haika, ikabaki hasira tupu. Alilivuta shuka, akakipiga teke chetezo.

"Huyu si kibarua wako!" alipiga kelele. "Vibarua wako wamelala makaburini, wafuate huko! Mume wangu humli! Umesikia? Humli!"

Akamkamata Godlisten kwapani, akamburuta ngazi zote hadi barabarani, Bi Nasim nyuma yao akilia. Nje kulikuwa na manyunyu na hewa safi. Godlisten akavuta pumzi ndefu, kifua kikafunguka, macho yake yakawa yake.

"Haika," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

"Asante Yesu," Haika akasema, akamkumbatia.

Godlisten akageuza uso, akatema mate. Jiwe la njia likachemka, likatoa povu na mvuke, na pale mate yalipoangukia pakabaki shimo.

Haika alikuwa bado amemshika shingoni, midomo yake karibu na ya mumewe.

"Usinibusu, mke wangu," alisema Godlisten, huku analia.