Sanduku la Chumba Namba Nne

Mwizi alikuwa ametandika kitanda.

Inspekta Leota Faamoe aliliona hilo kwanza. Alikuwa ametoka Apia, mji mkuu, kukagua kituo cha polisi kisiwani Savaii, akalala chumba namba sita cha hoteli hiyohiyo. Sasa alisimama katika chumba namba nne. Simu ya mgeni ilikuwa mezani. Pochi pia. Sanduku la nguo tu ndilo lililotoweka, na mahali pake paliwekwa shelisheli la kuchoma, lenye joto bado.

Mgeni, Petelo Manuele wa Auckland, alibaki na kaptura ya kuogelea. Saa nane mchana alitakiwa kusimama kwenye harusi ya binamu yake na kuisemea familia nzima.

"Una ndugu hapa?"

"Shangazi Sinapati, karibu na kanisa."

"Mbona hukulala kwake?"

"Sikutaka kumsumbua, afande. Tena kule hakuna kiyoyozi."

Konstebo alitafuta alama za vidole kitasani, akapata mafuta ya nazi, ambayo kijiji kizima hujipaka. Inspekta aliwahoji majirani mmoja mmoja. Wote walisema hawakuona mwizi, na walisema kwa utulivu uliomtia mashaka.

Petelo alimwongoza hadi kwa Sinapati. Nyumba ilikuwa nguzo na paa, bila kuta. Sanduku lilikaa katikati, juu ya mkeka bora kuliko yote, likionekana tangu barabarani. Mwenye nyumba alikuwa akipiga pasi shati jeupe.

"Shangazi, sanduku hili limefikaje hapa?"

"Nimelibeba begani, mchana kweupe. Mchungaji ndiye aliyenifungulia lango."

"Na hakuna aliyekuona?"

"Wote wameniona. Wewe uliwauliza habari za mwizi."

"Kwa nini ulilichukua?"

Sinapati aliiweka pasi chini.

"Petelo nimemlea mimi. Leo anatusemea mbele za watu, nao watauliza amelala wapi. Waambiwe amelala kitanda cha kukodi, kana kwamba mimi nimeshazikwa? Yeye kaibiwa mashati, mwanangu. Mimi kaniibia uso. Haya, andika."

Inspekta hakuandika. Petelo, na kaptura yake, aliketi mkekani akakunja miguu. Alimwomba shangazi msamaha kwa sauti ya chini, kisha akayafuta malalamiko yake. Sinapati alimtupia shati.

"Vaa. Umekonda kama mtu asiye na kwao." Akamgeukia Inspekta. "Na wewe, mtoto wa Falute? Mama yako mdogo yuko kijiji cha pili tu. Jana ulilala wapi?"

"Nilikuwa kazini, shangazi."

"Ndivyo nilivyomwambia asubuhi kwenye simu. Hakuridhika."

Inspekta alirudi hotelini kwa hatua ndefu. Kitanda cha chumba namba sita kilikuwa kimetandikwa vizuri. Begi halikuwepo. Juu ya mto palikuwa na ndizi mbili za kuchoma.

Konstebo aliuliza kama afungue jalada.

"La," alisema Inspekta, akimenya ndizi. "Mtuhumiwa namfahamu. Naenda kujisalimisha."